Jinsi ya Kuikosoa Picha ya Mwenzio

Macho yananiuma kidogo kwa kuandika usiku. Mwaka huu mwalimu mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili aliniagiza niandike somo kwa ajili ya jarida hili, nami nikachagua jambo ambalo wengi wenu mtasema halihusiani na Kiswahili hata chembe, yaani upigaji picha. Tafadhali usifunue kurasa kukimbilia vichekesho na vitendawili. Ngoja kidogo. Humu utakuta kitenzi kimoja ambacho sote tunakitumia kila siku bila kukijua vizuri, na mimi binafsi kiliniaibisha kabla sijakijua.

Kwanza nieleze sisi ni akina nani. Tuko wanafunzi kumi na mmoja, wa kidato cha pili hadi cha nne, tunaopenda kupiga picha kwa kujifurahisha tu. Hapa Nakuru sote ni wa kutwa. Wengine wanatoka Kaptembwa, wengine Langa Langa, mimi natoka Free Area, kwa hivyo kengele ya jioni ikilia kila mtu hushika njia yake. Kamera halisi tunazo mbili tu. Moja ni Canon ya zamani ya mjomba wake Barasa, na nyingine ni ya dadake Wambui. Waliobaki tunatumia simu, tena simu za wazazi. Mpaka mama amalize kuongea na shangazi ndipo upate nafasi, na wakati huo jua limeshatua.

Na shuleni kwetu simu haziruhusiwi. Basi tutaonyeshanaje picha? Mwalimu alitueleza kwamba huko Uingereza, tangu mwishoni mwa karne ya 19, kulikuwa na vyama vya wapenzi wa picha ambavyo wanachama wake waliishi mbalimbali. Mmoja alitia picha yake katika kifurushi akakipeleka posta. Aliyekipokea aliitazama, akaandika maoni yake, akaongeza picha yake mwenyewe, akakituma kwa wa tatu. Kifurushi kilizunguka hivyo hivyo mpaka kikamrudia wa kwanza kikiwa kimejaa maandishi. Sisi tukasema, ikiwa wao waliweza kwa njia ya posta, sembuse sisi tunaokaa madarasa ya kupakana? Tukanunua bahasha kubwa ya kaki. Kila baada ya wiki mbili kila mwanachama hutia humo picha moja iliyooshwa kwenye studio iliyo karibu na steji, kwa shilingi 30. Nyuma ya picha hubanwa karatasi ya daftari ya kuandikia maoni. Jina haliandikwi, huandikwa nambari tu, na mwenye kujua nambari ni ya nani ni katibu peke yake. Halafu kuna sharti moja la chama: maoni yote yawe kwa Kiswahili. "Nais" na "poa" ni mwiko.

Wengine huuliza, mbona mnajisumbua na karatasi? Si mngetazamana kwenye simu huko nyumbani? Kuna sababu nyingine mbali na ile ya sheria za shule. Kioo cha simu kina taa yake kwa ndani, karatasi haina. Picha iliyong'aa kwenye kioo ambacho umekiwasha mpaka mwisho, ukiiosha hutoka nyeusi kama sufuria ya githeri, na wengi walimlaumu bure mzee wa studio kwa sababu hiyo. Karatasi haina upendeleo. Tena hujui raha ya kujitafuta kwenye karatasi. Katika miaka ya 1960, Malick Sidibé wa Bamako, nchini Mali, alikuwa akienda kwenye dansi za vijana usiku na kuwapiga picha wakicheza. Aliziosha picha ndogo ndogo, akazibandika kwenye makaratasi magumu ili vijana wafike studioni kujitazama na kuchagua za kununua. Fikiria kelele na vicheko vilivyokuwa hapo! Huyo huyo Sidibé mwaka 2007 alituzwa Simba wa Dhahabu kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, akiwa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo hiyo kwa kazi ya maisha yake.

Sasa niingie kwenye somo, na somo linaanza na kosa langu.

Ilikuwa muhula wa kwanza. Bahasha ilinifikia Jumatano, nami nikaenda nayo nyumbani. Humo mlikuwa na picha za kawaida yetu: machweo ya Ziwa Nakuru (kila mara lazima ziwe machweo!), paka, matatu iliyopakwa rangi, na mvulana wa kidato cha pili ambaye mlingoti wa stima ulikuwa umemwota kichwani kama pembe. Halafu ikaja nambari 9. Ilikuwa picha ya mtu amekaa kwenye kibanda cha mboga. Nyuma yake ulikuwapo ukuta mweupe wa duka, unawaka jua la mchana. Lakini uso wa mtu mwenyewe haukuonekana. Ulikuwa mweusi tititi, huoni macho wala mdomo. Kilichoonekana kidogo ni mikono, kwa kuwa ilikuwa mbele juani, imeshika kisu na majani ya sukuma wiki.

Nikashika kalamu. Niliandika hivi, na ninainukuu hapa bila kujitetea: "Giza tupu. Huyu ni mtu ama ni gunia la makaa?"

Nilijiona mcheshi ajabu. Aliyenifuata akaandika "Kweli kabisa." Mwingine akachora uso unaocheka. Mwingine akaandika "Washa taa!" Karatasi ikajaa, watu saba, na hakuna hata mmoja aliyesema neno ambalo mwenye picha angeweza kulitumia.

Ijumaa baada ya michezo tulikutana kwenye maktaba kufungua bahasha. Katibu alipotaja nambari 9, Barasa alisimama. Alichukua picha, akaisoma karatasi pole pole mpaka mwisho, akaikunja. Akasema, "Huyu ni mama yangu." Akaitia picha kwenye mfuko wa shati, akachukua mkoba wake, akaenda zake. Hakuja mkutano uliofuata, wala ule mwingine. Na kwa kuwa Canon ilikuwa yake, kamera nayo ikapotea. Darasani alikaa dawati la mbele yangu, na kwa wiki tatu nilikuwa nikiutazama mgongo wake.

Mlezi alipopata habari hakutuchapa kwa maneno kama tulivyotarajia. Aliingia maktaba, akachukua chaki, akaandika ubaoni: FUNGA, FUNGUA. CHOMA, CHOMOA. KUNJA, KUNJUA. Akauliza hii ni kauli gani. Tukajibu kwa pamoja, kauli ya kutendua! Maana hilo ni la mtihani na tumelikariri. Akasema vizuri, kauli hii hugeuza tendo, aliyefunga hufungua, aliyechoma mwiba huuchomoa. Kisha akaandika KOSA, na mbele yake akaacha nafasi tupu. Akatutazama.

Jamani, tulinyamaza kimya. Mtu mmoja nyuma ndiye aliyenong'ona, "Kosoa."

Ndiyo, msomaji. Kukosoa. Tumekuwa tukidhani maana yake ni kumwambia mtu kwamba amekosa, basi. Lakini neno lenyewe limejengwa kama fungua na chomoa, kwa hivyo kukosoa ni kulitoa kosa, kama vile kuchomoa ni kuutoa mwiba. Anayeutazama mwiba mguuni mwa mwenzake akacheka hajachomoa kitu. Mlezi aliongeza lile neno la kidato cha tatu na cha nne katika fasihi, uhakiki, akatukumbusha kwamba hakiki, haki na hakika ni ndugu wa shina moja lililotoka katika Kiarabu. Anayehakiki basi anadaiwa haki na anadaiwa hakika. Akatuuliza, katika yale maandishi saba, haki iko wapi? Na hakika iko wapi? Kuna aliyejua kwa nini uso ulikuwa mweusi?

Hakuna aliyejua. Hapo ndipo aibu iliponishika kweli kweli. Nilikuwa nimekicheka kitu nisichoweza kukieleza.

Kwa hivyo Jumamosi nilikwenda studio karibu na steji kumwuliza mzee anayetuoshea picha. Yeye alianza kazi enzi za filamu, wakati mpiga picha alikuwa na nafasi 36 tu katika mkebe mmoja, na kila kosa lilikuwa hasara. Nilipomweleza alicheka, akachukua shati jeupe la sare lililokuwa limeangikwa kwa ajili ya picha za pasipoti, akasema, "Hili shati limewanyima watoto wengi nyuso zao." Nitayaeleza aliyonifundisha kwa maneno yangu, na hapa tafadhali soma polepole, kwa sababu ndicho kiini cha somo.

Kamera haina akili. Ndani yake kuna kipimo cha mwangaza, na kipimo hicho hakijui mama ni nani wala ukuta ni nini. Kinachukua mwangaza wote unaoingia na kukisia kiasi cha kati. Kimefundishwa kwamba ukichanganya vyeupe na vyeusi vyote vya dunia utapata rangi ya kijivu. Wapiga picha wana hata kadi maalumu ya kijivu hicho, kadi inayorudisha asilimia 18 ya mwangaza unaoiangukia. Basi kamera ikielekezwa kwenye ukuta mweupe unaowaka jua, husema moyoni, aka, mwangaza huu umezidi, nipunguze. Hupunguza mpaka ukuta ukaribie kijivu. Na anayekaa kivulini mbele ya ukuta, ambaye tayari alikuwa na mwangaza mdogo, hupunguziwa hata huo aliokuwa nao. Anatoka giza. Mwenye ngozi nyeusi ndiye huumia zaidi, kwa sababu ngozi yetu hurudisha mwangaza kidogo kuliko ukuta, kuliko shati, kuliko anga.

Kwa hivyo picha ya Barasa haikuwa na mpiga picha mbaya. Ilikuwa na kamera iliyoachiwa iamue yenyewe.

Dawa zake ni nyingi na nyingine hazigharimu hata ndururu. Ukiwa na simu, gusa uso wa mtu kwenye kioo, ili simu ipime hapo na isipime ukuta. Simu nyingi zitakuonyesha alama ndogo ya jua. Ivute juu na uso utafunguka. Ukiwa na kamera, tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, uongeze hatua moja. Hatua moja ni mwangaza maradufu. Ukuta wa nyuma utaungua uwe mweupe kupita kiasi, lakini nani anaujali ukuta? Njia ya pili ni kuhamisha miguu yako mwenyewe. Zunguka upande wa pili mpaka nyuma ya mtu kuwe na kivuli, ndani ya kibanda kwa mfano, na uso wake uelekee mahali peupe. Njia ya tatu mzee alinionyesha kwa mfuko wa nailoni mweupe, ule wa kubebea mahindi. Uutandike mapajani mwa mtu au mwenzako aushike chini ya kifua chake, jua liugonge, na mwangaza utaruka hadi usoni. Nilidhani ananitania. Nilipojaribu nyumbani na nyanya yangu, vivuli vilivyokuwa kwenye macho yake viliyeyuka kama samli.

Kuna wanaosema wataongeza mwangaza baadaye kwa programu ya simu. Inasaidia kidogo. Lakini giza lililozidi ukilivuta juu hutoa chenga, zile nukta nukta kama za televisheni isiyoshika. Kisichoingia ndani ya kamera huwezi kukitoa ndani yake.

Na saa nazo zina neno. Sisi tuko karibu sana na Ikweta, hivyo saa sita jua linakaa utosini na kuchimba mashimo meusi chini ya nyusi za kila mtu. Asubuhi saa moja na jioni saa kumi na moja jua liko chini, linapiga uso kwa ubavu na ni la dhahabu. Ila hapa kwetu halisubiri mtu. Ulaya wakati wa kiangazi jioni hukokotwa kwa saa nyingi, hapa kufikia saa moja na robo ni giza, wewe bado unatafuta simu iko wapi.

Mzee alinieleza jambo jingine lililonikosesha usingizi. Alisema zamani hata ukipima vizuri, filamu yenyewe ya rangi ilikuwa haijatengenezwa kwa ajili yetu. Mwalimu alinisaidia kulichunguza, nami nimelikuta ni kweli. Kampuni ya Kodak ya Marekani, tangu katikati ya karne ya 20, ilikuwa ikizipelekea maabara za kuoshea picha kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, ili mitambo ilinganishwe na rangi ya ngozi yake. Kadi hizo zikajulikana kwa jina Shirley. Ngozi ya Shirley ikitoka vizuri, basi filamu ni nzuri. Wazazi waliolalamika kwamba picha za darasa zinawaonyesha watoto weusi meno na macho tu hawakusikilizwa sana. Waliosikilizwa ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao walisema matangazo yao hayaonyeshi tofauti ya kahawia moja na nyingine. Hapo filamu ikarekebishwa. Ni katika miaka ya 1990 ndipo kampuni hiyo ilipotoa kadi yenye nyuso za rangi mbalimbali. Sikulisoma hilo kwa utulivu. Mama zetu walitoka giza kwenye picha, na aliyewakomboa ni chokoleti! Halafu mimi, mtoto wao, mwenye rangi ile ile, nikashika kalamu nikaandika gunia la makaa.

Nyani haoni kundule, walisema wahenga. Nilitoa kasha langu la picha nikazipanga kitandani. Kati ya picha 14 nilizowahi kuosha, 5 zilikuwa na nyuso za giza mbele ya dirisha au anga. Moja ni ya ndugu yangu siku ya ubatizo wake. Sikuwahi kuziona giza kwa sababu nilijua aliyemo.

Sasa tufanye zoezi, msomaji. Nambari 3 ya muhula ule ilikuwa picha ya mchezaji wetu akipiga penalti, na mguu wake umekuwa ukungu mtupu. Maoni yaliyoandikwa ni "Haijatulia." Je, hilo ni kukosoa? Si kukosoa. Mtu atalifanyia nini neno hilo? Anza kwa kutaja unachokiona, bila kusifu wala kuponda: mguu na mpira vimefifia lakini nyasi na mlingoti wa goli viko wazi. Ukishasema hivyo, nusu ya kazi imekwisha, kwa sababu mlingoti ukiwa wazi basi mkono wa mpiga picha haukutikisika. Kilichosogea ni mguu. Kwa hiyo shata ilikaa wazi muda mrefu, pengine sehemu ya 30 ya sekunde, na mguu ukasafiri ndani ya muda huo. Mwambie ajaribu sehemu ya 500 ya sekunde, na kwa kuwa mwangaza utapungua, afungue tundu la lenzi zaidi au asubiri jua kali. Hayo ni maneno matatu manne ya kuandika kwenye karatasi na mwenzako ana kitu cha kwenda nacho uwanjani kesho.

Yule wa mlingoti wa stima kichwani ni rahisi zaidi. Hatua moja kushoto. Upeo wa ziwa uliolalia upande kama maji yanamwagika, simamisha simu wima. Hayo hayahitaji maelezo marefu.

Jambo moja tulibishana sana na hatujakubaliana mpaka leo. Wambui husema lazima uanze na sifa, hata kama ni ndogo, ili mwenzako asivunjike moyo. Mimi naona sifa ya kulazimishwa inanuka mbali. Mtu akiniambia "rangi ni nzuri" kisha "lakini," nasikia ile lakini tu. Heri aniambie nilichokifanya kikafaulu pale kinapokuwepo, na kisipokuwepo aende moja kwa moja kwenye kosa na njia ya kulitoa. Pengine mimi si mtu mzuri wa kuulizwa.

Turudi kwa Barasa. Nilimngoja langoni Jumatatu. Nilikuwa nimetayarisha hotuba, ikanipotea yote, nikasema tu, "Barasa, nisamehe. Sikujua ni mama." Akanijibu, "Na ungekuwa si mama?" Sikuwa na jibu. Nikamwonyesha picha yangu ya ubatizo. Akaitazama, akatabasamu upande mmoja wa mdomo. Akasema, "Dirisha." Nikasema, "Ndiyo. Dirisha."

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kibandani watu watatu, mimi, yeye na Wambui, na Canon. Mama Barasa alikuwa akikatakata sukuma ya wateja wa jioni.

"Habari ya kazi, mama?"

"Nzuri, watoto wangu. Mmekuja kununua ama kunizibia njia?"

Tulimweleza tunachotaka. Akasema mara ya kwanza kijana wake hakumwuliza, alistukia tu kamera imelia, na kama angejua angevua ile aproni yenye madoa. Hilo nalo hatukuwa tumelifikiria, wala halikuandikwa na yeyote kati ya wale saba. Tangu siku hiyo katibu huuliza kila anayeleta picha ya mtu kama mwenyewe alikubali.

Tulifanya kila kitu sawasawa. Barasa alizunguka upande wa pili ili nyuma kuwe na kivuli cha ndani. Wambui alishika mfuko wa nailoni. Mimi nilisoma kipimo, tukaongeza hatua moja. Mama alivua aproni, akafunga kitambaa kipya cha kichwa, akatabasamu. Picha ilipooshwa ilikuwa safi, kila mkunjo wa uso ulionekana, hata kovu dogo kwenye nyusi ambalo Barasa alisema amelizoea mpaka amelisahau. Tulijipongeza njia nzima.

Mama alizichukua picha zote mbili, ile ya giza na hii, akaziweka juu ya nyanya kando kwa kando. Akazitazama kwa muda mrefu. Akasema hii mpya ni nzuri, ataipeleka kwa nyanyake Barasa huko Bungoma. Kisha akagonga ile ya giza kwa kidole.

"Lakini hapa nilikuwa nafanya kazi. Hii nyingine ni ya kitambulisho. Mikono yangu mmeiweka wapi?"

Tukatazamana. Kweli, tulikuwa tumekaribia mno kwa kuutafuta uso, mikono ikakatwa. Watu watatu, kamera moja, mfuko wa nailoni, na aliyekosoa kwa maneno yenye hakika kuliko sisi sote ni mama ambaye hajawahi kushika kamera.

Picha ya tatu ilipigwa wiki mbili baadaye, saa kumi na moja na nusu, bila kumpanga. Barasa alirudi nyuma hatua mbili, akakaa kwenye kreti ya soda karibu nusu saa mpaka wateja wakamzoea. Aproni ya madoa imo, mama mwenyewe ndiye aliyesema ibaki. Uso unaonekana, mikono inaonekana, kisu kimefifia kidogo kwa mwendo, na katika kona kuna mkono wa mteja unaotoa sarafu. Imo kwenye bahasha wakati ninapoandika haya, nambari 4, ingawa safari hii kila mtu anajua ni ya nani. Nilipoipokea niliandika: "Kichwa cha mteja kimekatwa lakini mkono wake unatosha. Kisu kimesogea. Ukitaka kitulie, ongeza kasi ya shata; mimi ningekiacha."

Katika bahasha hiyo hiyo nimetia picha ya mbuzi wetu, mweusi kama usiku, amesimama kwenye mlango wa zizi lenye giza. Niliipenda sana. Jana karatasi yake ilipita mikononi mwa Barasa, na mwandiko wake naujua hata bila jina. Ameandika: "Mbuzi huyu ni mweusi lakini hapa amekuwa wa kijivu, na mbao za zizi zimepauka. Kamera iliona giza jingi ikaongeza mwangaza. Safari hii punguza hatua moja."